Bingwa wa ulingoni, nyonga zake nani ameziona?

Mzee Kamba (mwanzisha uzi)

Wadau wa mbwa, salaam. Hili jambo nimekaa nalo tangu maonyesho ya mwisho ya mbwa pale uwanja wa Jamhuri, Nairobi, na nimechoka kulibishania kwenye maegesho huku watu wanapakia mbwa garini. Acha niliweke hapa tulichambue.

Kijana mmoja alinijia kuniuliza kama anunue mtoto wa German Shepherd ambaye baba yake ana riboni tele. Muuzaji alikuwa amemtumia picha za vikombe, video ya dume akikimbia ulingoni, na cheti cha nasaba cha vizazi vitatu. Bei ilinifanya nivue miwani. Nikamwambia amuulize muuzaji swali moja tu: eksirei ya nyonga za baba na mama iko wapi? Jibu likaja: "Huyu ni bingwa, eksirei ya nini tena?"

Sasa tuulizane, jaji huwa anakagua nini? Anafungua mdomo ahesabu meno na aone yanavyokutana. Anahakikisha dume ana korodani zote mbili na zimeshuka. Anapapasa mgongo, kifua, mapaja. Kisha anamtazama akitembea na akikimbia, anamlinganisha na kigezo cha mbegu yake, basi. Ni kazi ya dakika chache kwa kila mbwa, na waamuzi wazuri wanaifanya vizuri. Lakini hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuona jinsi kichwa cha mfupa wa paja kilivyokaa ndani ya nyonga. Mbwa wa miaka miwili mwenye misuli anaweza kukimbia kama upepo na nyonga zake ni mbovu. Utakuja kujua akiwa na miaka sita, asubuhi moja hawezi kuinuka kwenye sakafu, na wakati huo ameshapandishwa kwa majike nusu ya Nairobi.

Uingereza walifika hapa kabla yetu. Mwaka 2008 BBC ilirusha kipindi kilichoonyesha magonjwa ya kurithi ya mbwa wa mbegu, na mwaka uliofuata haikutangaza Crufts, maonyesho yao makubwa ya mbwa. Chama chao cha mbwa kikabanwa. Mwaka 2012 wakaamua kwamba katika mbegu 15 zenye matatizo yanayoonekana kwa macho, mshindi wa kila mbegu apite kwanza mbele ya daktari huru kabla hajaendelea kwenye shindano la kundi, ambapo washindi wa mbegu mbalimbali wanashindanishwa. Crufts ya mwaka huo washindi sita walikataliwa: Pekingese, Bulldog, Clumber Spaniel, Neapolitan Mastiff, Mastiff na Basset Hound. Jaji keshasema huyu ndiye bora wa mbegu yake, daktari anasema huyu haendelei. Mliokuwa mkifuatilia mnakumbuka moto uliowaka.

Msimamo wangu ni huu: dume asiye na karatasi ya nyonga na viwiko, riboni yake isitumike kuuza watoto. Ashinde, apigwe picha, apelekwe nyumbani na kikombe chake. Lakini tangazo la "baba ni bingwa" liende pamoja na karatasi ya daktari au lisiende kabisa.

Karibuni.

---

Kiatu Kimoja

Nimeleta chai na mandazi. Endeleeni.

---

Bwana Shepadi, Ruai

Mzee, heshima yako. Wewe ndiye ulinifundisha kushika kamba, kwa hiyo nitapinga kwa adabu.

Kwanza, mbona mzigo wote unatupwa kwetu sisi tunaokuja kwenye maonyesho? Simama kando ya barabara yoyote ya kuelekea Karen Jumamosi, utaona jamaa ameshika watoto wawili wa "Japanese Spitz" waliosafishwa kwa sabuni ya unga. Hana chanjo, hana nasaba, hana jina. Huyo hamuulizi kitu. Mimi ninayesajili kila kizazi na kuweka chipu ndiye naambiwa nilete eksirei.

Pili, hiyo ya Crufts usiisifu sana. Wale madaktari hawakuruhusiwa kutumia kifaa chochote isipokuwa kitochi cha kuangalia macho. Mtu amelea mbwa miaka, amesafiri, ameshinda, halafu anarudishwa kwa sababu ya kovu dogo la jicho ambalo pengine lilitokana na mwiba. Na wakati huohuo mwenye nyonga mbovu anapita kwa sababu kitochi hakioni nyonga! Sasa hapo umelinda nini?

Tatu, nimepandisha majike wawili wenye nyonga nzuri kwenye karatasi na bado nikapata mtoto anayechechemea. Karatasi si dawa.

---

Mzee Kamba

Shepadi, hoja yako ya pili ni yangu. Soma tena: sikusema tuweke daktari na kitochi mlangoni mwa ulingo. Ule ukaguzi ulikuwa unafaa kwa yale yanayoonekana, kope zilizokunjamana, ngozi yenye vidonda kwenye mikunjo, mbwa anayekoroma akiwa amesimama tu. Ulilenga kumwambia jaji asizawadie kile kilichopitiliza. Kwa mbegu zetu kubwa za Nairobi, German Shepherd, Rottweiler, Boerboel, ubaya uko ndani.

Na wa kando ya barabara hatumuulizi kwa sababu hauzi kwa jina la bingwa. Wewe unauza.

---

Mama Simba

Naomba niingie kwa upande wa Ridgeback, maana kila siku ni German Shepherd tu kana kwamba mbegu nyingine hazipo.

Ule mstari wa manyoya mgongoni unaotufanya tumpende Ridgeback ndio huohuo unaobeba shida. Wanasayansi walieleza mwaka 2007 kwamba mstari unatokana na kipande cha vinasaba kilichojirudia, na kipande hicho ndicho kinachomweka mbwa katika hatari ya kuzaliwa na sinasi ya ngozi: kijishimo kidogo shingoni au mgongoni kinachoshuka kama mrija kuelekea uti wa mgongo. Kikiingia uchafu kinaoza. Mbwa mwenye nakala mbili za kipande hicho yuko hatarini zaidi kuliko mwenye moja. Wale wanaozaliwa bila mstari, ambao zamani wafugaji wengi waliwaua wakiwa wachanga kwa sababu hawawezi kushinda, ndio ambao kwa kawaida hawana tatizo hilo. Niambieni hapo akili iko wapi.

Jaji hawezi kuiona kwa sababu mtoto mwenye sinasi hafiki ulingoni, au anafika ameshapasuliwa na kushonwa, manyoya yameota. Lakini mfugaji anaweza kuigundua katika siku za kwanza: vuta ngozi ya shingo juu taratibu, pitisha vidole viwili kutoka kisogoni hadi mabegani, halafu kiunoni hadi mkiani. Ukisikia kitu kama uzi umeshika chini, peleka kwa daktari. Mnunuzi akija kwangu namwonyesha jinsi ya kupapasa, apapase mwenyewe kila mtoto. Hiyo haihitaji mashine wala safari ya ng'ambo, inahitaji mtu asiyeficha.

---

Daktari Kwato

Habari zenu. Nafanya kazi na wanyama wadogo hapa mjini. Nijibu machache, mengine yananizidi kwa leo maana nina zamu.

Bwana Shepadi yuko sahihi kwamba wazazi wazuri wanaweza kuzaa mtoto mbovu. Ugonjwa wa nyonga haurithiwi kupitia kinasaba kimoja. Ni vingi vinavyochangia, kila kimoja kidogo, halafu kuna chakula, uzito na mazoezi. Mtoto huzaliwa na nyonga zinazoonekana sawa, kisha zinalegea anavyokua. Lakini kutoka hapo kusema karatasi haina maana ni kuruka mbali mno. Unachofanya kwa kupima ni kupunguza uwezekano, kizazi baada ya kizazi. Mkulima wa Githunguri hanunui mrija wa mbegu ya fahali bila kuangalia kwenye orodha mabinti wa fahali huyo wanakamua kiasi gani, ilhali anajua kabisa ndama mmoja anaweza kumwangusha. Na mbegu yenyewe ya fahali inatoka kituo cha mbegu za ng'ombe hapo Kabete, si mbali na mnakogombana.

Kuhusu vipimo vyenyewe. Waingereza wana mpango wao tangu 1965: kila nyonga inapewa alama kutoka 0 hadi 53, zinajumlishwa, kwa hiyo jumla ni kati ya 0 na 106, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo bora. Mbwa awe ametimiza mwaka mmoja. Wamarekani, kupitia OFA, shirika lao la kupima mifupa ya wanyama, wanatoa daraja la mwisho mbwa akiwa na miezi 24. Nchi nyingi za Ulaya zinatumia herufi, A ni safi, E ni mbaya sana. Viwiko vinapimwa 0 hadi 3. Ukiagiza mbwa kutoka Ujerumani, daraja la nyonga limeandikwa kwenye makaratasi yake. Lisome kabla ya kutuma pesa, usisome jina la banda tu.

Picha inaweza kupigwa hapahapa Nairobi, mbwa akiwa amelazwa kwa dawa ili misuli ilegee na akae sawasawa. Siku hizi picha za kidijitali zinatumwa OFA kupitia intaneti na wasomaji wao wanatoa daraja. Onyo moja: daktari wenu wa kawaida akisema "nyonga ziko poa" kwa kutazama filamu dirishani, hayo ni maoni. Daraja ni kitu kingine.

---

Kijana wa Kasarani

Daktari asante. Mimi nina Pug wa kike, nyumbani tunamwita Tumbo. Anakoroma hata akiwa macho, na akitembea kutoka lango hadi dukani anatoa povu. Niliambiwa ndivyo Pug walivyo. Nilitaka nimwingize kwenye maonyesho kisha nimpandishe. Shida iko wapi?

---

Daktari Kwato

Shida iko kwenye "ndivyo walivyo". Mbwa anajipoza kwa kuhema, hatoi jasho mwilini kama sisi. Ukifupisha pua, zile nyama za ndani hazifupiki kwa kiasi hichohicho, kwa hiyo matundu ya pua yanabana, kaakaa laini linaning'inia kooni, na kila pumzi inakuwa kazi. Jua la Januari na Februari kwenye nyasi wazi saa sita mchana linaweza kumuua, sikutishi.

Kuna kipimo kilichoandaliwa na Chuo Kikuu cha Cambridge pamoja na chama cha mbwa cha Uingereza, kilianza 2019, kwa Bulldog, French Bulldog na Pug. Daktari anasikiliza koo kwa stetoskopu, mbwa anakimbizwa mwendo wa wastani kwa dakika tatu, kisha anasikilizwa tena. Anapewa daraja 0 hadi 3. Wa daraja la 3 anashauriwa asizalishwe kabisa. Wanaotoa daraja rasmi wamepewa mafunzo maalumu, lakini daktari yeyote mwenye stetoskopu anaweza kukuambia kama mbwa wako anahangaika. Mlete Tumbo kwa daktari asubuhi, kabla ya jua kuwaka. Suala la kumpandisha liache kwanza.

Nchi nyingine zimepita hatua ya ushauri. Uholanzi inatumia kipimo cha urefu wa pua dhidi ya fuvu kuamua nani azalishwe. Norwei, kesi ilifika mahakama ya juu kabisa, na mwaka 2023 ikaamuliwa kwamba kuzalisha mbwa wa mbegu ya Cavalier kwa namna iliyokuwa ikifanyika kunavunja sheria yao ya ustawi wa wanyama.

---

Kiatu Kimoja

Daktari umemaliza chai yangu yote.

---

Nyayo za Ngong

Kuna jambo mnalirukaruka. Masikio.

Nenda kwa mfugaji yeyote wa German Shepherd mwenye watoto wa miezi mitatu, utakuta chupa ya kalisiamu kwenye rafu. Masikio hayajasimama, maonyesho ya watoto yanakaribia, basi mtoto anamiminiwa kalisiamu, maziwa ya ng'ombe na maganda ya mayai juu ya chakula ambacho tayari kimetengenezwa kwa ajili ya mbwa wanaokua. Daktari atanisahihisha, lakini mimi ninavyojua mtoto wa mbegu kubwa hana uwezo wa kuzuia kalisiamu ya ziada isiingie mwilini, na inaharibu mifupa inayokua. Kwa hiyo unapata sikio lililosimama na kiwiko kilichopinda. Jaji anaona sikio.

---

Daktari Kwato

Sina cha kusahihisha. Masikio mengi hulegea wakati meno yanabadilika, kisha yanasimama yenyewe. Na mtoto wa mbegu kubwa awe mwembamba, mbavu zipapasike. Wengi mnaoniletea "watoto wazuri" mnaniletea watoto wanene.

---

Bwana Shepadi, Ruai

Hiyo ya kalisiamu imenigusa kidogo, nitanyamaza.

Lakini Mzee, turudi kwenye damu. Hapa mjini madume wanaotafutwa ni wachache. Mbwa akishinda mara mbili, kila mtu anamleta jike wake kwake. Miaka minne baadaye unatafuta dume wa kumpandisha jike wako na kila unayemgusa ni kaka, mjomba au babu. Uingereza tangu 2009 hawasajili watoto wa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, wala wa mzazi na mwanawe. Sawa. Lakini watoto wa baba mmoja mama tofauti ukiwapandisha, tayari una asilimia 12.5 ya nasaba iliyojirudia, na watu wanafanya hivyo hapa bila kukokotoa, kwa sababu jina la babu linauza. Nadhani hapo ndipo riboni inapotuumiza zaidi kuliko kwenye nyonga. Ukiwapima wote halafu ukamtumia mmoja tu aliyepata alama nzuri, umehamisha tatizo, hujaliondoa.

---

Mzee Kamba

Hapo umenena, na nakiri sikuwa nimeliweka vizuri. Ndiyo maana huko nje hawashauri umtupe kila asiye na alama kamilifu. Chukua ugonjwa wa uti wa mgongo wa uzeeni unaowapooza German Shepherd miguu ya nyuma, kwa kawaida baada ya miaka minane. Kuna kipimo cha vinasaba, unapitisha kijiti shavuni tu. Mbwa mwenye nakala moja mbovu ni mbebaji. Ukimpandisha na asiye nayo kabisa, hakuna mtoto atakayepata nakala mbili. Kwa hiyo humfungii nje mbwa mzuri, unamchagulia mwenzi. Bila kipimo unabahatisha, na unajua matokeo wakati mbwa ameshakuwa babu.

---

Mama Simba

Na kabla hatujafika kwenye vinasaba, chanjo jamani! Mbwa mamia kwenye nyasi moja, bakuli la maji linazunguka, mtu anamleta mtoto wa wiki kumi "azoee watu". Virusi vya parvo vinakaa kwenye udongo miezi. Kupe wa Nairobi mnawajua, magonjwa yao, babesia na erlikia, hayaulizi nasaba. Mimi sichangii bakuli, simwachi mbwa alale kwenye nyasi ndefu, na nikirudi nyumbani nampapasa kati ya vidole na ndani ya masikio kabla hajaingia bandani. Na kichaa cha mbwa, hilo ni la sheria, si la hiari. Kitabu cha chanjo kiwe na muhuri wa daktari aliyesajiliwa, wala si kibandiko kilichonunuliwa mjini.

---

Kijana wa Kasarani

Nimerudi. Tumbo tumempeleka. Pua zinaweza kupanuliwa kidogo kwa upasuaji, tumepewa miadi. Kumpandisha hapana. Mama yangu amefurahi, hakutaka watoto wa mbwa nyumbani tangu mwanzo.

---

Mteja wa Syokimau

Mimi ndiye yule kijana wa Mzee Kamba aliyetaka kununua. Nimewafuata kimya. Muuzaji amekubali kumpeleka baba eksirei ila anataka tugawane gharama, na anasema mama yuko karibu kuingia kwenye joto, siku za kutaka dume, kwa hiyo apigwe eksirei haraka wiki hii kabla hajapandishwa. Nikubali?

---

Daktari Kwato

Gharama ni mapatano yenu, ingawa mimi ningemwachia yeye, maana anatumia matokeo kwa kila jike atakayekuja baadaye. Mama asipigwe eksirei wiki hii. Homoni za joto zinaweza kulegeza nyonga na picha ikamwonea. OFA wanashauri kukaa mbali na joto kwa wiki tatu hadi nne, kabla na baada. Hiyo ina maana asipandishwe joto hili. Ana umri gani?

---

Mteja wa Syokimau

Miezi kumi na tisa.

---

Daktari Kwato

Basi hata daraja la mwisho la OFA hajalifikia, atapata la awali tu. Ngoja joto lijalo.

---

Bwana Shepadi, Ruai

Mteja, huyo muuzaji akikataa kungoja, nina jike wa miaka mitatu mwenye B nyonga zote mbili, viwiko 0. Atapandishwa mwishoni mwa mwaka. Karatasi nitakutumia kabla hujaniuliza bei. Mzee Kamba asije akasema sikusikia.

---

Mzee Kamba

Dume ni nani?

---

Bwana Shepadi, Ruai

Hapo ndipo tunaanza uzi mwingine, Mzee.